Kabla Hujaifomati Kompyuta ya Shangazi

Barua pepe yenyewe huwa fupi. "Habari za leo. Uko karibu? Nina jambo la haraka ila niko kikaoni, siwezi kupokea simu." Juu pameandikwa jina la shangazi, majina yote matatu, kama anavyoyaandika mwenyewe. Ukijibu, inakuja ya pili: kuna malipo yamekwama, msaidie leo, kesho atarudisha. Msomaji wa Dar es Salaam atakumbuka ule ujumbe wa simu wa "ile hela tuma kwenye namba hii" na kuupuuza. Binamu aliyeko Muscat au Leeds, ambaye hajaonana na shangazi kwa miaka, anaweza kutuma. Hadi jioni kundi la WhatsApp la ukoo limechafuka na hukumu imeshatolewa: kompyuta ya shangazi ina virusi. Anatafutwa kijana "anayejua mambo ya kompyuta" aende akaipige Windows upya.

Kama kijana huyo ni wewe, usifunge safari bado. Hukumu ya namna hiyo mara nyingi humwangukia asiyehusika. Hata pale shangazi anapohusika, tatizo mara nyingi liko kwenye akaunti yake ya barua pepe, na akaunti haiguswi hata ukiifomati kompyuta mara kumi. Ushahidi wa kwanza uko kwa aliyeupokea ujumbe. Mwombe asiufute. Picha ya skrini haitoshi, na akikutumia kwa kuusambaza kama kawaida, maelezo ya safari yake yanapotea, na hayo ndiyo unayoyataka.

Ila kama kuna aliyekwisha kutuma pesa, hayo yote yasubiri. Apige simu sasa hivi kwenye kampuni ya mtandao wa simu au benki aliyotumia, kwa namba rasmi anayoijua mwenyewe, aombe muamala uzuiwe. Dakika za mwanzo ndizo zenye matumaini, maana wezi hawaachi hela ilale. Polisi wafuate baada ya hapo, pamoja na ujumbe wenyewe na risiti ya muamala. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015 na Kenya ina ya kwake tangu 2018, kwa hiyo asikubali kuambiwa kwamba jambo hili halina kifungu.

Turudi kwenye ujumbe. Utaratibu unaosafirisha barua pepe duniani unaitwa SMTP. Uliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, wakati waliokuwa mtandaoni ni watafiti na taasisi chache zilizofahamiana, na haukuweka mahali pa kumuuliza mtumaji kama kweli ni yeye. Ni kama barua ya posta: kule juu unaweza kuandika S.L.P. ya yeyote unayemtaka, na karani ataipiga muhuri bila kukudai kitambulisho. Hadi leo sehemu inayoonyesha barua imetoka kwa nani huandikwa na mtumaji mwenyewe.

Kwa hiyo jina la shangazi linaweza kumfikia binamu kwa njia tatu. Iliyo nyepesi kuliko zote ni hii: mwizi anafungua akaunti ya bure yenye anwani yoyote, kisha kwenye sehemu ya jina anaandika jina la shangazi. Simu zetu zinamsaidia, kwani nyingi huonyesha jina na kuificha anwani. Gusa jina, anwani itatokea, na mara nyingi uchunguzi unaishia hapo: ni rundo la herufi na tarakimu, au ni anwani ya shangazi iliyozidishwa herufi moja. Angalia hasa r na n zikikaa pamoja, maana kwenye skrini ndogo zinasomeka m.

Njia ya pili ni kughushi anwani yenyewe, herufi kwa herufi. Mwaka 2002 kirusi kiitwacho Klez kilizua ugomvi mwingi kwa njia hii. Kikiingia kwenye kompyuta kilikusanya anwani zote kilizozikuta humo, kikachukua moja ya kupelekea barua na nyingine ya kujifanya ndiye mtumaji. Fikiria mhasibu wa kikundi cha kina mama ndiye mwenye mashine iliyoambukizwa, na anwani za shangazi na binamu zote mbili zimo humo. Binamu anapokea barua chafu kutoka kwa shangazi, anamlaumu shangazi, shangazi anakagua kompyuta yake usiku kucha na haoni kitu, na mhasibu amelala usingizi mnono. Hila hiyo ilibaki hata Klez ilipozimika, na ndiyo sababu anwani ya mtu kwenye barua mbaya haitoshi kuwa ushahidi dhidi yake.

Ya tatu ndiyo nzito: mtu ameingia kwenye akaunti ya shangazi na anatuma kutoka humohumo.

Kuzitenganisha hizo tatu ni kazi ya dakika tano. Binamu aifungue Gmail kwenye kompyuta, si kwenye simu, aufungue ujumbe, abonyeze vitone vitatu vilivyo pembeni yake na kuchagua "Show original". Juu ya ukurasa utakaofunguka kuna mistari ya SPF, DKIM na DMARC. Hiyo ni mitihani iliyobuniwa ili kuziba pengo la mwaka 1982. SPF inauliza kama mashine iliyotuma barua imeruhusiwa na wenye kikoa, yaani ile sehemu inayofuata alama ya @. DKIM ni saini ya kidijitali inayoonyesha kikoa kilichoipitisha barua, na kwamba yaliyotiwa saini hayakuchezewa njiani. DMARC inahakikisha kwamba kikoa kilichofaulu kinalingana na kile anachokiona msomaji, na inamwambia mpokeaji afanye nini visipolingana. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawadai watumaji wakubwa wa barua wawe nayo yote mitatu. Kwa Gmail, mkubwa ni anayetuma kuanzia barua 5,000 kwa siku.

Usomaji wake ni hivi. Anwani si ya shangazi: ni jina tu limeibwa, na neno PASS hata likiwa kwenye mistari yote lisikutishe. Mwizi aliyefungua akaunti yake halali ya Gmail hufaulu mitihani yote, kwa sababu mitihani inapima kikoa, haipimi uaminifu wa mtu. Anwani ni ya shangazi lakini DMARC imeandikwa FAIL: mara nyingi imeghushiwa, haikutoka kwenye akaunti yake. Anwani ni ya shangazi na mistari yote ni PASS: barua imetoka kwenye akaunti yake kweli, na sasa ndipo una sababu ya kumtembelea.

Kuna dalili nyingine ambayo haihitaji ukurasa huo. Barua ikija kama jibu ndani ya mazungumzo ya zamani, ikitaja lile deni la mabati au tarehe ya arobaini, basi mtu amelisoma sanduku la barua la mmoja kati ya waliokuwa kwenye mazungumzo hayo. Emotet, mtandao wa programu hasidi uliovunjwa na polisi wa nchi kadhaa Januari 2021 na kuibuka tena Novemba mwaka huohuo, ulifanya hivi hasa: uliiba mazungumzo ya kweli na kuyajibu, ukibandika kiambatisho chake. Nimesema mmoja kati ya waliokuwemo. Huenda ni shangazi. Huenda ni binamu anayelalamika.

Shangazi naye anaweza kukupigia kabla ya wote, akiwa na hofu: amepata barua kadhaa za "Mail Delivery Subsystem" zikimwambia kwamba ujumbe wake umeshindwa kufika, na yeye hakuandika kitu. Mwambie atazame sanduku la barua alizotuma. Kama hazimo, yaelekea ameghushiwa, na barua hizo zinarudi kwa mwenye anwani iliyoandikwa, si kwa aliyezituma. Lakini asiamini sanduku hilo peke yake, maana mwizi aliye ndani ya akaunti hufuta nyayo.

Nataka nikae kidogo kwenye barua ya aina nyingine, kwa sababu wazee hawaisemi. Inaonekana imetoka kwenye anwani yako mwenyewe. Inasema nimeingia kwenye kompyuta yako, nimekurekodi kwa kamera ukitazama mambo ya aibu, nilipe kwa bitcoin au watu wako wote wataona. Na ili uamini, inakutajia nywila uliyowahi kuitumia kweli. Ilienea sana mwaka 2018 na bado inazunguka. Kwa kawaida kamera haijaguswa na hakuna video. Nywila imetoka kwenye orodha zilizovuja kutoka tovuti kubwa miaka mingi iliyopita. Za LinkedIn, kwa mfano, ziliibwa mwaka 2012. Tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, itakuonyesha bure anwani fulani imo kwenye uvujaji upi. Mzee aliyepokea barua hiyo hatamuuliza mwanawe, na atakayeuliza atazungukazunguka. Kwa hiyo wewe ndiye uanze: siku mnapoongea ya kompyuta, taja kwa kupita tu kwamba kuna barua za vitisho vya kamera, kwamba ni uongo na zinatumwa kwa watu wa kila aina. Kama nywila iliyotajwa bado inatumika popote, ibadilishwe. Mengine ni ya kufuta.

Sasa tuseme umethibitisha kwamba akaunti imeingiliwa. Anza na akaunti, na usiianzie kwenye kompyuta ya shangazi. Kama humo kuna programu inayonasa kila anachobonyeza, nywila mpya itafika kwa mwizi kabla hajainywa chai yake. Tumia simu yako au kompyuta unayoiamini, yeye akiwa pembeni yako. Badilisheni nywila, washeni uthibitisho wa hatua mbili, kisha itoeni akaunti kwenye vifaa vyote vilivyounganishwa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na ina uzito wake: programu za wizi za siku hizi hubeba zile alama ambazo kivinjari huzihifadhi ili usiulizwe nywila kila mara, na mwenye alama hizo huingia bila kuhitaji nywila.

Halafu mwizi huacha mlango wa nyuma wazi, na mlango wenyewe uko kwenye mipangilio ya Gmail. Tazama kama kuna anwani ambayo barua zote zinapelekwa kwake. Tazama vichujio: nilipendacho kukitafuta ni kile kinachosema barua yenye neno "bank" au "password" ifutwe au iende kwenye kumbukumbu, ili shangazi asione maonyo. Tazama anwani ya kujibiwa, kwani ikibadilishwa, watu watamwandikia shangazi na majibu yao yatakwenda kwa mwizi. Tazama waliopewa ruhusa ya kuingia kwenye akaunti na programu za nje zilizounganishwa nayo.

Mwisho wa yote, namba ya simu na anwani ya kurejeshea akaunti. Hapa kwetu hii ni shida ya peke yake. Akaunti za wazee wetu wengi zilifunguliwa na kijana wa stesheneri, siku walipohitaji barua pepe kwa ajili ya fomu fulani, na ili mambo yaende haraka kijana akaweka namba yake. Nyingine zina namba ya laini iliyokwisha kufungiwa, ambayo kampuni inaweza kuwa imeshampa mteja mwingine. Yeyote mwenye namba hiyo anaweza kuiomba akaunti ifunguliwe. Iwekwe namba ya shangazi ya leo, na ya pili iwe ya mtoto wake anayemchagua yeye, si ya kwako kwa sababu tu wewe ndiye uliyeshika kipanya.

Nywila mpya aiandike kwenye daftari lake na kulifungia kabatini. Wataalamu wengine watakunja uso, lakini mwizi wa barua pepe yuko mbali na kabati la shangazi, na daftari ni salama kuliko nywila moja ya jina la mjukuu inayofungua kila kitu.

Baada ya hapo, kompyuta. Amkia, kaa, pokea chai. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu. Nasikia mmesema nina virusi." Utani huo una uchungu ndani yake, kwa hiyo usimuulize alibonyeza nini, na usimhoji mbele ya wajukuu. Muulize: "Shangazi, siku hizi ukiiwasha kuna kitu unaona kimebadilika?" Atakueleza mengi zaidi ya programu yoyote: kuna madirisha yanajifungua, kuna mtu alipiga simu akasema anatoka kampuni ya kompyuta, kuna barua ya mzigo iliyogoma kufunguka. Kabla ya kufungua kabrasha lolote, omba ruhusa. Picha na barua zake si sehemu ya ukaguzi.

Anza na kivinjari, Chrome au Edge, kwa sababu malalamiko mengi ya "virusi" yanatoka hapo. Madirisha yanayochomoza pembeni ya skrini yakidai kompyuta imeambukizwa mara nyingi ni taarifa za tovuti ambayo shangazi aliiruhusu bila kujua, alipobonyeza "Allow" ili asome habari. Ingia kwenye mipangilio ya tovuti, sehemu ya arifa, uzifute ruhusa zote usizozitambua. Madirisha yatatoweka papo hapo. Kisha pitia viendelezi vilivyopachikwa na uondoe visivyo na kazi inayojulikana. Usipakue antivirusi yoyote inayotangazwa na madirisha hayo.

Nenda kwenye orodha ya programu, ipange kwa tarehe, usome za karibuni. Ukikuta AnyDesk au TeamViewer, uliza. Ni programu halali za kuendeshea kompyuta kutoka mbali, mafundi wazuri wanazitumia, na matapeli wanaojifanya mafundi wanazitumia vilevile. Kama hakuna anayejua imefikaje, ng'oa.

Fungua Windows Security. Swali la kwanza ni kama kinga imewashwa, la pili ni orodha ya yaliyosamehewa ukaguzi, "Exclusions". Kompyuta nyingi mitaani zimepigwa Windows isiyolipiwa, na ile programu ya kuiamsha humtaka fundi azime kinga au alisamehe kabrasha fulani. Unachokuta ni mlinzi aliyeambiwa asitazame chumba kimoja. Sitakuhubiria juu ya leseni, maana bei yake kwa mshahara wa mwalimu mstaafu naijua. Nasema tu kwamba programu iliyopakuliwa kwa mtu usiyemjua, kisha ikapewa mamlaka yote ya mashine, isihesabiwe kuwa safi. Futa misamaha hiyo yote kabla ya kuskani.

Sasisha kwanza, kwa bando lako, usile la mwenyeji. Halafu uskani kamili, ambao unaweza kuchukua saa kadhaa. Laptopu iwe kwenye umeme na nyie mpige soga. Ukiisha, chagua "Microsoft Defender Offline scan". Kompyuta itajizima na kuwaka, ikague kwa dakika 15 hivi kabla Windows yenyewe haijaamka, wakati ambapo virusi vinavyojificha havina pa kujificha. Ukitaka maoni ya pili, pakua Microsoft Safety Scanner siku hiyohiyo, kwani nakala yake hufa baada ya siku 10, au tumia Malwarebytes ya bure. Usipachike antivirusi mbili za kulinda kwa wakati mmoja; zitagombana na mashine itakuwa nzito.

Kabla ya kuinuka, washa mpangilio wa kuonyesha viishio vya majina ya faili. Windows huvificha kwa kawaida, na kirusi cha ILOVEYOU cha Mei 2000 kilitumia upofu huohuo: faili lake liliishia na .TXT.vbs, ile sehemu ya mwisho ikafichwa, watu wakadhani ni maandishi tu. Hadi leo "Ankara.pdf.exe" huonekana "Ankara.pdf" kwenye mashine ambayo mpangilio huo haujaguswa.

Ni lini basi upige Windows upya? Ukikuta programu ya kuiba nywila au ya kuendesha mashine kwa siri, ndiyo, fomati, kwa flashi iliyotengenezwa na zana ya Microsoft yenyewe kwenye kompyuta safi, kisha nywila zibadilishwe tena. Toa kwanza nyaraka na picha. Programu ziache zife. Na kama mashine bado ni ya Windows 10, shangazi ajue kwamba Microsoft ilifikisha mwisho msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu isiyoweza kubeba Windows 11 inaweza kubeba Linux Mint bure, na kwa mtu anayesoma barua, anayeandika na kutazama YouTube, inatosha kabisa.

Flashi zake zikague pia, la sivyo utarudi. Wengi wameshaona makabrasha yote yakigeuka njia za mkato baada ya kutoka stesheneri. Mafundi wanaviita virusi vya shortcut. Nyaraka hazijapotea, zimefichwa, na kila njia ya mkato unayobonyeza inakiamsha kirusi kwanza. Usibonyeze. Iskani flashi, onyesha mafaili yaliyofichwa, nakili nyaraka peke yake, kisha ifomati. Kuanzia hapo cha kuchapisha apeleke kwa WhatsApp ya stesheneri, au kwenye flashi isiyo na kitu kingine.

Kwenye kundi la ukoo andika mistari miwili, kwa jina lako na kwa ruhusa yake: barua za kuomba pesa hazikutoka kwa shangazi, anayepata nyingine asijibu bali ampigie kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani. Rudi baada ya wiki, ukatazame vifaa vilivyoingia kwenye akaunti na historia ya Windows Security. Kama anwani ilighushiwa tu, barua za kushindwa kufika zinaweza kuendelea siku chache, na hakuna mpangilio wa kompyuta yake utakaozizuia. Azifute tu hadi mwizi ahamie kwa jina lingine.